Baba Yako Alizaliwa Wapi?

Rais Frederick Chiluba alitia saini marekebisho ya katiba ya Zambia tarehe 28 Mei 1996. Wakati huo nilikuwa fundi katika karakana ya reli ya TAZARA mjini Mpika, na habari ile tuliisikia redioni wakati wa chai. Kifungu cha 34 kilikuwa kimeandikwa upya. Kuanzia hapo, anayetaka urais wa Zambia alipaswa awe raia, awe ametimiza miaka 35, awe na makazi yake nchini kwa miaka isiyopungua 20, na wazazi wake wote wawili wawe Wazambia kwa kuzaliwa au kwa nasaba. Masharti ya umri na makazi yalipita bila mtu kuyajadili. Lile la wazazi lilipotajwa, mwenzetu mmoja aliyekuwa akinoa patasi aliiweka chini akatamka herufi mbili tu: KK.

Hakuna aliyemuuliza ana maana gani. Kenneth Kaunda alikuwa ametawala tangu uhuru wa Oktoba 1964 hadi aliposhindwa katika uchaguzi wa Oktoba 1991 na kuiacha Ikulu kwa amani. Mwaka 1995 alirudi kukiongoza chama chake cha UNIP, na watu walikuwa wameanza tena kumfuata. Yeye alizaliwa Lubwa, misheni iliyo karibu na mji wa Chinsali, tarehe 28 Aprili 1924. Baba yake, David Kaunda, alikuwa mwalimu na mhubiri wa Kanisa la Scotland aliyetoka Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Mama yake, Helen Nyirenda, alikuwa mwalimu pia, na asili yake ilikuwa huko huko.

Marekebisho yale yalikuwa na vipengele vingine ambavyo havikuzungumzwa sana karakanani. Kimoja kilimzuia mtu aliyekwisha kuchaguliwa kuwa rais mara mbili. Kingine kiliwataka machifu wavue uchifu kwanza ndipo waingie katika siasa za vyama, na makamu wa Kaunda katika UNIP, Inyambo Yeta, alikuwa chifu wa Walozi. Ukiviweka vipengele hivyo vitatu pamoja, unaona kwamba waandishi walikuwa na orodha ya watu mezani kabla ya kushika kalamu.

Mpika ya wakati ule ilikuwa mji wa reli. Reli yenyewe, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, kwa sababu Kaunda na Nyerere hawakutaka shaba ya Zambia iendelee kutegemea njia zilizoshikwa na walowezi wa kusini. Reli ilikuwa mali ya nchi mbili, na baadhi ya Watanzania walifanya kazi upande wa Zambia na baadhi ya Wazambia upande wa Tanzania. Karakana yetu ilikuwa na Wabemba, Wabisa, Wanyakyusa, Wasafwa, Wahehe, na wazee kadhaa wenye majina ya Phiri na Banda ambao hakuna aliyewahi kuwauliza walitoka ng'ambo ipi. Mazungumzo yalianza kwa Kibemba yakaishia kwa Kiswahili, au kinyume chake. Mimi mwenyewe ni Mnyamwanga wa Tunduma. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani ulipita katikati ya watu wetu. Shangazi zangu wako Nakonde, upande wa pili wa barabara, na tangu utotoni tulivuka kwenda misibani na harusini bila kufikiri kwamba tumetoka nchi.

Mke wangu ni mtu wa Chinsali. Baba yake alikuwa seremala, amesoma Lubwa, na umri wake ulikuwa karibu sawa na wa Kaunda. Wazazi wake nao walikuja kutoka Nyasaland kwa kazi ya misheni, na yeye akazaliwa Chinsali, akakulia Chinsali, akaoa Chinsali. Kibemba chake kilikuwa cha kina kiasi kwamba majirani walimwita kuamua maneno kwenye mahari. Kiswahili alikipata jeshini, alipochukuliwa katika vita vya pili vya dunia na kupelekwa hadi Burma pamoja na askari wa Kenya na Tanganyika, na ndiyo sababu sisi wawili tulielewana haraka.

Jumapili moja baada ya tangazo lile tulikwenda kumsalimia. Nilimkuta ameketi barazani na gazeti.

"Mwanangu," alisema baada ya kuitikia salamu yangu, "wewe ni mtu wa hesabu za vyuma. Nisaidie hesabu hii. Mwalimu David alifariki mwaka 1932. Nilikuwa mtoto, lakini naukumbuka msiba. Zambia imekuja mwaka 1964. Sasa huyo marehemu wanataka awe Mzambia kwa kuzaliwa namna gani?"

Sikuwa na jibu. Tulipoanza kuihesabu kwa watu wengine, tuliona kwamba hata yule aliyezaliwa na wazazi ambao hawakuwahi kuivuka mito ya Chinsali hakuwa na baba aliyezaliwa Mzambia, maana kabla ya tarehe 24 Oktoba 1964 hapakuwa na Mzambia hata mmoja duniani. Palikuwa na watu wa Rhodesia ya Kaskazini waliokuwa chini ya ulinzi wa Mfalme wa Uingereza. Kati ya mwaka 1953 na 1963 Waingereza waliifunga Rhodesia ya Kaskazini, Rhodesia ya Kusini na Nyasaland katika Shirikisho moja, na mtu aliyetoka Nyasaland kwenda kuchimba shaba Kitwe au Ndola hakuhama nchi, alihama mkoa. Migodi ya shaba iliita watu kutoka kila upande: Nyasaland, Kongo, Tanganyika, Angola. Karani, mwalimu na mhubiri wa Kinyasa walikuwa kila boma, kwa sababu misheni ya Livingstonia ilitangulia kufungua shule. Wakati wa uhuru watu wote hao walikaa pale walipokuwa na kuinua bendera mpya. Ndiyo nchi yenyewe ilivyozaliwa.

Lazima niseme pia habari za waliokiunga mkono kifungu, maana walikuwapo na hawakuwa watu wabaya. Fundi mmoja wa kuchomea vyuma, jirani yangu kabisa, alikishangilia. Yeye alikuwa mtu wa Copperbelt, mkoa wa migodi ya shaba. Mwaka 1986 bei ya unga ilipopandishwa na watu wakaingia mitaani, alimpoteza mdogo wake. Mwaka 1990 ikawa hivyo tena Lusaka. Chini ya Kaunda aliishi katika nchi ya chama kimoja, akapanga foleni za sabuni na mafuta, akasikia watu wakiimba kwamba mbinguni ni Mungu na duniani ni Kaunda. Kwake yeye, kizuizi chochote kilichowekwa njiani ili mzee asirudi kilikuwa halali. Aliniambia pia kwamba tume ya katiba ya John Mwanakatwe ilizunguka nchi nzima, na kwamba wananchi wenyewe ndio waliotaka rais wao awe mtu mwenye mizizi kwa baba na mama. Hilo lilikuwa kweli. Sharti la wazazi lilikuwamo katika mapendekezo ya tume.

Nilimjibu, na ningemjibu vilevile leo, kwamba kama ana kesi na Kaunda basi kura anayo. Mwaka 1991 Wazambia walimwondoa mzee huyo kwa karatasi za kura, robo tatu ya waliopiga kura wakimpa Chiluba. Wangeweza kumkataa tena mwaka 1996. Alichofanyiwa mwananchi ni kunyang'anywa uamuzi huo na kupewa karatasi ambayo jina moja limekwisha kufutwa na wakubwa. Na alipofutwa Kaunda kwa kosa la babaye kuzaliwa ng'ambo ya mpaka, alifutwa pamoja naye kila mtu mwenye baba wa namna hiyo, hata asiyewahi kuota siasa. Jirani yangu hakuyaona hayo. Alimwona mtu mmoja tu.

Baba mkwe hakuwa mpenzi kipofu wa Kaunda. Katika kijiji kile kile cha utoto wao alikuwapo Simon Kapwepwe, rafiki wa Kaunda tangu wakiwa wadogo, mpigania uhuru mwenzake, baadaye makamu wake wa rais, halafu mpinzani. Mwaka 1978 Kapwepwe, na Harry Nkumbula pia, walitaka kushindana na Kaunda ndani ya UNIP kuwania nafasi ya kugombea urais. Mkutano wa chama ulibadili kanuni, ukataka mgombea awe amekuwa mwanachama kwa miaka mitano, na Kapwepwe akabaki nje; Nkumbula alizuiwa kwa kanuni nyingine mpya. Kapwepwe alifariki Januari 1980. Mzee alilisema jambo hili mara nyingi, kwa uchungu, akimlaumu Kaunda moja kwa moja. "Yeye ndiye aliyewafundisha," alisema. "Lakini Simon walimzuia kwa kadi ya chama. Kadi mtu anaweza kwenda kuikata. Baba nitakata kwa nani?"

Maneno yake yalikuwa mazito kwangu kwa sababu kabla ya kifungu cha 34 tulikuwa tumekwisha kuona mambo mawili. Oktoba 1994 William Steven Banda, kiongozi wa UNIP, alifukuzwa nchini na kupelekwa Malawi kwa madai kwamba si Mzambia. Ndivyo alivyofanyiwa pia John Chinula, mfanyabiashara wa Ndola na kiongozi wa UNIP vilevile, aliyechukuliwa nyumbani kwake akavushwa mpaka bila kupewa nafasi ya kusimama mbele ya hakimu. Malawi nayo haikuwatambua kuwa raia wake. Watu wakubwa wenye mali, mawakili na chama nyuma yao walipakiwa ndani ya gari namna hiyo. Seremala wa Chinsali angesemaje?

Hofu iliingia majumbani kimya kimya, na mimi niliiona kwa sababu nilioa ndani yake. Shemeji yangu mkubwa alianza kulitamka jina la ukoo kwa lafudhi ya Kibemba. Binamu zao waliokuwa wakienda Mzuzu kila mwaka kutembelea makaburi ya babu waliacha kwenda. Mke wangu alikwenda kubadilisha kitambulisho chake cha taifa, ile kadi ya kijani, kwa kuwa ya zamani ilikuwa imechakaa. Karani mmoja, kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wake, alimuuliza jina la kijiji cha baba, akajibu. Akamuuliza kijiji cha babu. Mke wangu akanyamaza. Kadi aliipata, ila baada ya kuitwa tena na tena na kuleta barua ya mwenyekiti wa mtaa. Alirudi nyumbani akaniambia kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kuulizwa swali lile, na kwamba jambo lililomuumiza ni kwamba alitamani kudanganya.

Kifungu cha 34 hakikuhusu kadi za mtu yeyote. Kilihusu urais peke yake. Ukikisoma hukuti neno moja juu ya mke wa fundi wa reli. Lakini katiba ikishasema kwamba wako raia ambao damu yao inatosha na wako ambao damu yao imepungua, kila mwenye muhuri mkononi anajiona ana kazi ya kupima.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 18 Novemba 1996. Kaunda hakuwamo, UNIP ikasusa, Chiluba akapata zaidi ya asilimia 70 ya kura. Mimi kama mgeni sikuwa na cha kufanya siku ile, nikashinda nyumbani nikipalilia mahindi.

Kilichofuata hakikutarajiwa na wengi. Wapinzani, wakiongozwa na Akashambatwa Mbikusita-Lewanika na Dean Mung'omba, walifungua shauri katika Mahakama ya Juu wakidai kwamba Chiluba mwenyewe hakutimiza sharti la wazazi. Walileta mashahidi wa kueleza kwamba baba yake hasa alikuwa mtu mwingine, na asili yake nje ya mpaka. Miezi ikapita nchi nzima ikijadili ni nani alimzaa rais, mama yake alikuwa ameolewa wapi, nani alikuwa akiishi katika kijiji gani mkoani Luapula. Nilikuwa nikisoma magazeti yale kwa aibu. Sikumpenda Chiluba kwa alichokifanya, lakini hakuna mtu anayestahili kuona kitanda cha mama yake kikitolewa uani kwa ushahidi. Mwaka 1998 majaji walilitupilia mbali shauri hilo. Katika hukumu yao waligusia tatizo lile lile lililomsumbua baba mkwe barazani: uraia wa Zambia ulianza siku ya uhuru, basi wazazi wa zamani watapimwaje kwa kipimo ambacho hakikuwapo? Waliokuwa wakazi wa nchi siku ile na kuwa raia walipaswa kuhesabiwa Wazambia. Kwa Chiluba maelezo hayo yalitosha. Kwa Kaunda hayakufikishwa.

Mwaka 1997 ulikuwa mbaya. Agosti polisi walifyatua risasi mjini Kabwe na Kaunda akajeruhiwa, pamoja na wakili Roger Chongwe. Oktoba wanajeshi wachache waliteka redio kwa saa kadhaa wakitangaza mapinduzi, yakazimwa asubuhi ile ile. Kaunda alikuwa nje ya nchi. Aliporudi alikamatwa siku ya Krismasi, akapelekwa gereza la Mukobeko, Kabwe, na akaanza mgomo wa kula. Alikuwa na umri wa miaka 73.

Sisi Watanzania wa Mpika tulizipata habari za Mwalimu Nyerere kufika Kabwe kutoka kwa wahudumu wa treni kabla hazijatoka gazetini. Alikwenda hadi gerezani, akaketi na rafiki yake, akamshawishi aache kujitesa kwa njaa. Siku chache baadaye, mwaka ukiwa unamalizika, Kaunda alitolewa gerezani akawekwa chini ya ulinzi nyumbani kwake, na mashtaka yakafutwa katikati ya mwaka 1998. Nimeona mambo mengi yaliyofanywa na Nyerere yakijadiliwa, mengine kwa haki. Hili mimi naliweka mbele ya mengi. Wakati serikali ya Zambia ilikuwa ikimwambia Kaunda kwamba hana nchi, mzee wa nchi nyingine alivuka mpaka kwenda kumtambua.

Tena Nyerere hakuanza mwaka ule. Baba yangu mzazi, aliyekuwa mwanachama wa chama cha TANU huko Mbozi, alipenda kusimulia jinsi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, baadhi ya wajumbe bungeni walivyotaka uraia utolewe kwa rangi. Nyerere alisimama akawapinga kwa ukali, akisema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali ubaguzi huo. Sharti la rangi likaanguka. Baba alikuwa miongoni mwa wale waliokuwa na hasira na Wazungu na Wahindi, na hakuona haya kukiri kwamba siku ile Nyerere aliwakasirisha, na kwamba ilimchukua muda kuelewa.

Tarehe 31 Machi 1999 ndiyo siku ninayoikumbuka kwa saa zake. Nilikuwa zamu ya mchana. Mahakama Kuu ya Ndola, chini ya Jaji Chalendo Sakala, ilitoa hukumu kwamba Kenneth Kaunda hana uraia wa nchi yoyote. Mtu aliyeishika nchi miaka 27, aliyewapa hifadhi maelfu ya wakimbizi na wapigania uhuru wa Afrika ya Kusini, Namibia, Zimbabwe na Msumbiji, alitangazwa kwamba yeye mwenyewe hana kwao. Karakana haikushangilia. Hata jirani yangu wa Copperbelt, aliyekishangilia kifungu cha 34, alivua glavu zake akatoka nje. Aliporudi alisema alichotaka ni Kaunda asitawale, hakutaka afanywe mtu wa porini. Tangu siku ile hatukubishana tena juu ya jambo lile.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Chinsali peke yangu. Baba mkwe alikuwa ametandaza karatasi zake juu ya meza ya chumba cha mbele: cheti cha ubatizo cha Lubwa, kitabu cha jeshi chenye muhuri wa Mfalme George, kadi ya UNIP ya wakati wa kupigania uhuru, kadi ya kijani. Alizipanga kwa tarehe. Hakulalamika. Alinitaka nizisome moja baada ya nyingine kwa sauti ili wanawe wasikie, kisha akawaambia zitunzwe pamoja, maana siku moja mmoja wao anaweza kudaiwa.

Mwaka ule ule wa 1999 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa uamuzi kuhusu Banda na Chinula. Iliona Zambia imevunja Mkataba wa Afrika, ikataka Banda aruhusiwe kurudi. Chinula alikuwa amekwisha kufariki huko uhamishoni, hivyo tume ikataka mwili wake urudishwe kwa familia uzikwe Zambia. Mei 2001 tume hiyo hiyo ikakigusa kifungu cha 34 chenyewe, katika shauri lililopelekwa na shirika la mawakili la Zambia. Walalamikaji walieleza kwamba kifungu hicho kinawanyima haki ya kugombea urais karibu asilimia 35 ya Wazambia. Tume ilikubali kwamba ni ubaguzi. Uraia wa Kaunda ulikuwa umekwisha kuthibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 2000, lakini wakati huo alikuwa ameachana na siasa za uchaguzi, amemzika mwanawe Wezi aliyepigwa risasi Lusaka Novemba 1999, na kifungu kilibaki katika katiba. Kilikuwa kimekwisha kufanya kazi yake.

Watanzania wenzangu walikuwa wakisema mambo hayo ni ya Zambia, kwetu hayawezekani. Mapema mwaka 2001 serikali yetu ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, si raia, pamoja na watu wengine wachache waliokuwa na nyadhifa. Ulimwengu ni mtu wa Ngara, kule ambako mpaka wa Burundi na Rwanda uko karibu kuliko Mwanza. Baadaye alipewa uraia kwa maombi. Nililisoma gazeti lile nikiwa stesheni ya Tunduma, likizo, na nilisikia mtu nyuma yangu akisema kwamba mwenye kalamu kali lazima atafutiwe babu. Sikugeuka kumwangalia.

Binti yetu wa kwanza alizaliwa hospitali ya Mpika mwaka 1986. Baba mkwe ndiye aliyeniamsha kuhusu hali yake. Chini ya kifungu cha 34 cha Zambia, hawezi kugombea urais kwa sababu mimi, baba yake, ni Mtanzania. Chini ya kifungu cha 39 cha katiba ya Tanzania, rais lazima awe raia wa kuzaliwa, na mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa nje ya nchi huhesabiwa raia wa kurithi. Kwa hiyo Zambia ilimkataa kwa ajili ya baba na Tanzania kwa ajili ya hospitali. Alipofika umri wa kuchagua alichagua Zambia, nchi ya mama yake. Ni mwalimu wa sekondari Kasama, na siasa hazimvutii. Hilo silioni kuwa jibu. Haki ambayo mtu hana nia ya kuitumia ni haki yake bado.

Rais Michael Sata wa Zambia alipofariki madarakani Oktoba 2014, makamu wake Guy Scott alishika nafasi ya rais kwa muda. Scott ni mzaliwa wa Livingstone, mwaka 1944, amefanya kazi serikalini miaka mingi, ila wazazi wake walikuja kutoka Uingereza. Alishika Ikulu hadi Januari 2015, akasimamia uchaguzi ambao yeye mwenyewe hakuweza kugombea. Wazambia niliozungumza nao wakati huo, hata wasiompenda, waliona jambo hilo halina maana. Nadhani hapo ndipo kifungu kilipopoteza watetezi wake.

Januari 2016 Rais Edgar Lungu alitia saini marekebisho mapya. Sharti la wazazi liliondolewa; kifungu cha 100 sasa kinamtaka mgombea awe raia kwa kuzaliwa au kwa nasaba, na asiwe na uraia wa nchi mbili. Binti yangu alinipigia simu kutoka Kasama. Nilikuwa nimekwisha kustaafu na kurudi Tunduma.

"Shikamoo baba. Umesikia? Sasa wewe si kikwazo tena."

Babu yake hakuwahi kuyasikia maneno hayo. Alifariki mwaka 2003 na amezikwa Chinsali. Kaunda aliishi hadi Juni 2021, akafariki Lusaka akiwa na miaka 97, na taifa likamzika kwa heshima zote za rais wake wa kwanza.

Kifungu cha 39 cha kwetu bado kiko vilevile. Kila mjadala wa katiba mpya unapofunguliwa nchini nimepeleka maoni yangu kwa maandishi: mgombea urais awe raia, awe ameishi nchini muda wa kutosha watu wamjue, awe hana kiapo cha utii kwa taifa lingine, na mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa Mpika, Lubumbashi au Muscat wazazi wake wakiwa kazini asitengwe na mwenzake aliyezaliwa Mbeya. Mjadala ukifunguliwa tena, nitayapeleka tena.